Shule Hujengwa Mara Moja, Chaki Hununuliwa Kila Muhula

Haya wadau, nimerudi. Nilipotea wiki mbili hivi kwa sababu ya majaribio, na tuseme ukweli, kwa sababu bumu lilikata mapema na mtu mwenye njaa haandiki. Kosa ni langu, nilinunua viatu. Leo Jumamosi mshikaji wangu wa chumba kaletewa unga na maharage kutoka kwao, tumepika (wapi, tusiulizane, hosteli ina macho), tumeshiba, na kama ilivyo kawaida ya watu walioshiba, ubishi ukaanza.

Ubishi wenyewe ni ule wa kila siku. Mshikaji anasema zamani watu walisoma bure, walitibiwa bure, na mwanafunzi wa chuo alikuwa anapewa mpaka nauli ya kurudi kwao likizo. Sasa kwa nini sisi tunasaini deni kabla hatujajua hata maktaba ilipo? Jirani wa chumba cha pili, ambaye anasoma uhasibu na hatuachi tusahau, akajibu kwamba hizo bure ndizo zilizoifilisi nchi, kila mtu abebe mzigo wake. Wakabishana mpaka maharage yakapoa kwenye sufuria.

Mimi msomaji wa historia nikaona nisijibu kwa hisia. Nikampigia simu baba mkubwa, yuko Masasi. Ni mwalimu mstaafu, kizazi kile cha UPE. Kwa wasiojua, hao ni vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa miaka ya sabini kufundishwa ualimu harakaharaka, kwa kozi za posta na redio na mafunzo ya wilayani, huku wakiwa tayari wanashika darasa. Mtaani waliwatania kwamba UPE maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Baba mkubwa anaujua utani huo na hachekagi.

Nikaamkia, akaitikia, akauliza kama nimekula. Nikamweleza ubishi wetu. Akanyamaza kidogo halafu akasema:

"Mwanangu, shule tulijenga wenyewe. Tofali tulifyatua, mawe akina mama walibeba, bati likatoka serikalini. Shule haikutushinda. Kilichotushinda ni chaki."

Basi nimeshindwa kulala. Naona sentensi hiyo ina majibu mengi kuliko semina yetu nzima ya juzi, ile ya swali la "Je, dola ya ustawi inaweza kudumu?" Dola ya ustawi, kwa lugha ya kwetu, ni nchi inayojifunga kwamba mtoto atasoma, mgonjwa atatibiwa na mzee atakula, bila kuangalia kwanza mfuko wa mtu una nini. Kwenye semina tulizungumzia Ulaya tu, kana kwamba sisi hatujawahi kujaribu. Tulijaribu, tena kwa nguvu. Ngoja niisimulie kadiri ninavyoijua.

AHADI

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, watoto waliokuwa shule za msingi hawakufika hata nusu milioni. Wengi wa watu wazima walikuwa hawajui kusoma. Madaktari wazawa, Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha, walikuwa 12. Tarehe 5 Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, na kuanzia hapo ahadi zikaanza kumiminika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 ada ya shule ya msingi ikafutwa, na mwaka huohuo redio ikaendesha kampeni ya Mtu ni Afya, watu wakikaa vikundi vikundi kusikiliza habari za malaria na vyoo. Novemba 1974 chama kikakutana Musoma na kuamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto awe na nafasi darasani. Mwaka 1977 hospitali za watu binafsi za kutafuta faida zikapigwa marufuku, tiba ikawa ya serikali na ya mashirika ya dini.

Na jamani, ilifanyika! Hapa ndipo watu wa "bure iliua nchi" wanapopita haraka. Mwaka 1974 watoto wa shule za msingi walikuwa kama milioni 1.2. Mwaka 1980 walikuwa zaidi ya milioni 3. Kwa takwimu za serikali, kufikia katikati ya miaka ya themanini watu wazima tisa kati ya kumi walikuwa wanajua kusoma na kuandika. Nchi maskini kama yetu! Kila nikimwona bibi yangu akisoma maelezo kwenye chupa ya dawa ya mifugo nakumbuka kwamba hilo halikuanguka kutoka mbinguni.

Kwa hiyo swali si kama iliwezekana. Iliwezekana. Swali ni nani alikuwa analipa.

NANI ALILIPA

Kitu kimoja kilinishangaza nilipolisoma Azimio la Arusha lenyewe badala ya kusoma watu wanaolizungumzia. Wengi tunalikumbuka kwa kutaifisha mabenki. Lakini sehemu kubwa yake ni onyo kuhusu pesa. Linasema tumeshika silaha isiyo yetu, maana pesa hatuna, na kwamba misaada na mikopo inaweza kutunyang'anya uhuru wetu. Halafu linatoa mfano wa hospitali kubwa. Ziko mjini, zinawafaa watu wachache, lakini zikijengwa kwa mkopo wa nje, atakayelipa ni mkulima, kwa sababu mazao yake ndiyo yanayoleta fedha za kigeni. Yaani waandishi wa ahadi walijua kabisa bili itapelekwa kwa nani.

Kule kwetu bili ililetwa kwenye korosho. Babu yangu alikuwa na mikorosho. Kama mkulima mwingine yeyote wa enzi hizo, hakuletewa karatasi ya kodi iliyoandikwa "hii ni ya shule, hii ni ya zahanati". Alipeleka magunia, mamlaka ya zao ikachukua, ikauza nje, na katikati ya bei ya huko na bei aliyopewa babu palikuwa na nafasi. Katika nafasi hiyo ndimo mlimokaa mishahara ya ofisi za zao, hasara za mashirika ya umma, na ndiyo, humo humo ikakaa sehemu ya chaki. Kodi ile haikuonekana. Na kwa kuwa haikuonekana, hakuna aliyeweza kusimama mkutanoni kuuliza imetumikaje.

Angeuliza wapi, hata hivyo? Halmashauri zilifutwa mwaka 1972. Vyama vikuu vya ushirika, ambavyo pamoja na wizi wao vilikuwa angalau vya wakulima, vikavunjwa mwaka 1976. Kati ya 1973 na 1976 watu wakahamishiwa vijijini, wengine kwa hiari, wengi kwa lori na mgambo. Nia ilikuwa kusogeza huduma. Kweli, huwezi kuchimba kisima kwa kila kaya iliyojitenga porini. Lakini kusini mtu alihamishwa akaiacha mikorosho yake kilomita nyingi nyuma. Babu alitembea kwenda kupalilia, mwaka wa kwanza akatembea, wa pili akatembea, wa tatu akachoka. Bei ndogo, miti mbali, baadaye na ugonjwa wa ubwiriunga juu yake. Msimu wa 1973/74 nchi ilikusanya korosho kama tani 145,000. Katikati ya miaka ya themanini ilikuwa chini ya tani 20,000.

Mlipaji aligoma. Hakuandamana wala hakubeba bango. Aliacha tu kupalilia. Kwingine walivusha kahawa kwa magendo. Mkulima hana haja ya kupiga kura ya kukataa kodi, anaweza kupanda mihogo.

MSIMU MMOJA

Kilichoficha hali hii kwa muda ni bahati. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, bei ya kahawa duniani ikapaa, na mpaka 1977 hazina yetu ilikuwa na fedha za kigeni. Pia wahisani walitupenda, sehemu kubwa ya bajeti ya maendeleo ikawa inatoka nje. Sasa angalieni mtego ulipo. Mhisani anapenda kujenga. Anajenga shule, anajenga zahanati, anachimba kisima, anapiga picha, anaondoka. Lakini kila jengo jipya ni ahadi ya mshahara wa mwalimu, mafuta ya jenereta, vipuri vya pampu na chaki, mwaka huu, mwakani, na miaka thelathini ijayo. Tulichukua mapato ya msimu mmoja wa kahawa tukayafungia ahadi ya milele.

Halafu mambo yakaja kwa mfululizo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, tukalazimika kujitengenezea reli, posta na ndege zetu. Bei ya kahawa ikashuka. Oktoba 1978 Idi Amin akaivamia Kagera, vita vikala mamilioni ya dola ambayo hatukuwa nayo. Mwaka 1979 mafuta yakapanda tena. Maduka yakawa matupu, watu wakapanga foleni ya sabuni. Baba mkubwa anasema mwaka mmoja walipewa boksi moja la chaki kwa shule nzima, mwalimu mkuu akalifungia kwenye sanduku lake la nguo. Walifundisha kusoma kwa kuchora herufi kwenye mchanga na kijiti. Darasa lilikuwepo, watoto walikuwepo, mwalimu alikuwepo. Kwenye takwimu, elimu kwa wote ilikuwa inaendelea vizuri.

Nyerere alivutana na Shirika la Fedha la Kimataifa kwa miaka, akang'atuka mwaka 1985, na mwaka 1986 serikali ya Mzee Mwinyi ikasaini. Shilingi, iliyokuwa kama 17 kwa dola, ikateremshwa hadi 40, na safari ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Likaja neno jipya, kuchangia gharama. Wazazi wakaanza tena kutoa fedha shuleni. Mwaka 1993 ada za matibabu zikaingia katika hospitali za serikali. Chuoni uchangiaji ulitangazwa 1988 na kuanza kwa awamu mwaka wa masomo 1992/93. Katikati, Mei 1990, Mlimani ikafungwa baada ya mgomo, wenzetu wakarudi makwao na mabegi.

Matokeo mnayajua, au mnayo nyumbani kwenu. Watoto wakaanza kubaki nyumbani. Mwaka 2000 watoto wa umri wa shule ya msingi waliokuwa darasani walikuwa chini ya asilimia 60. Yaani nchi iliyofundisha bibi zake kusoma ilikuwa inalea wajukuu wasiojua.

NGOJENI, WA UHASIBU ASISHANGILIE

Najua jirani atasema: si nilikwambia, bure haidumu. Subiri kidogo. Kama bure yenyewe ndiyo tatizo, ingewashinda na waliotutangulia. Tuangalie wawili.

Uingereza walianzisha huduma yao ya afya ya taifa tarehe 5 Julai 1948, bure kwa wote. Miaka mitatu tu baadaye, mwaka 1951, serikali iliyohitaji fedha za silaha wakati wa vita vya Korea ikaamua watu wachangie meno ya bandia na miwani. Aneurin Bevan, waziri aliyeijenga huduma ile, akajiuzulu uwaziri kwa hasira. Meno ya bandia! Vita viliingia kwenye bili yao kama vilivyoingia kwenye yetu. Lakini huduma haikufa, ipo mpaka leo, inalalamikiwa kila siku na inapendwa kila siku. Kwa nini? Kwa sababu ililipwa na kodi ya watu wengi wenye mishahara, kila mwaka, siyo na msimu wa zao moja. Na anayelalamika alikuwa na mbunge wa kumlalamikia, na uchaguzi wa kumwondoa.

Sweden ndiyo inayotuhusu zaidi. Ni marafiki wa zamani. Vyuo vyetu vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975, vimeigwa kwa vyuo vya wananchi vya kwao. Maji ya vijiji vingi vya Kanda ya Ziwa yana mkono wao. Sasa hao waliokuwa wanatufadhili ustawi wetu, wa kwao uliyumba. Miaka ya 1991 mpaka 1993 uchumi wao ulisinyaa mfululizo. Septemba 1992 benki kuu yao, katika kuitetea sarafu, ilipandisha riba ya mkopo wa usiku mmoja hadi asilimia 500. Sijakosea sifuri.

Walifanya nini? Vyama vitano, vya serikalini na vya upinzani, vilikaa pamoja vikakubaliana mwaka 1994 kubadili pensheni, sheria ikapita 1998. Kiini chake ni kwamba pensheni yako inafuata ulichochangia na umri watu wanaotarajiwa kuishi, na mfumo una breki: mizigo ikizidi mali, nyongeza zinapungua zenyewe bila kumsubiri mwanasiasa jasiri. Mwaka 2010 breki ilishikwa kweli, wazee wakapunguziwa. Wakanung'unika, lakini mfumo ukabaki. Na kuna kitu kidogo nilichokipenda: kuanzia mwaka 1999 kila mfanyakazi alianza kutumiwa kila mwaka bahasha ya rangi ya chungwa inayomwambia amechangia kiasi gani na anaweza kutarajia nini.

Nikaifikiria sana bahasha ile. Babu yangu hakuwahi kupata bahasha. Angeipata, ingesema nini? "Ndugu mkulima, mwaka huu korosho zako zimesomesha watoto watatu, na zimelipa madereva wawili wa shirika usilolijua." Pengine angetembea kwenda kwenye mikorosho yake mwaka wa tatu. Pengine angekwenda ofisini na panga. Vyovyote, angekuwa ameulizwa.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema leo, wadau, na mengine yote ni maelezo. Ustawi wa jamii hauvunjwi na ukarimu wake. Unavunjika pale ahadi inapokuwa ya maisha na chanzo chake ni cha msimu, na pale anayelipa haoni anacholipia wala hana mahali pa kuuliza.

SASA SISI

Tumerudi tena kwenye ahadi. Ada ya shule ya msingi ilifutwa upya mwaka 2001, safari hii kwa msaada wa unafuu wa madeni na fedha za wahisani, na watoto wa shule wakapanda kutoka milioni 4.4 mwaka 2000 hadi milioni 7.5 mwaka 2005. Januari 2016 elimu bila malipo ikafika kidato cha nne, na mwaka wa fedha 2022/23 ikafika cha sita. Zanzibar tangu 2016 wazee wote wa miaka 70 na kuendelea wanapata pensheni, hata yule aliyevua samaki maisha yake yote bila mwajiri. Desemba 2023 tukawa na sheria ya bima ya afya kwa wote. Mimi nimefurahi kwa kila moja. Lakini kila moja naiuliza swali la baba mkubwa: chaki?

Angalieni tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021. Kelele zilipigwa nchi nzima, ikapunguzwa mwaka huohuo, ikazidi kupunguzwa baadaye. Ilikuwa na kasoro, ilimuumiza mtu anayemtumia mama yake elfu kumi. Lakini ilikuwa na kitu ambacho kodi ya babu haikuwa nacho. Ilionekana. Uliiona kwenye meseji, na serikali ikalazimika kuonyesha madarasa na vituo vya afya ilivyojengwa navyo. Watu walibishana hadharani kuhusu nani alipe nini. Kelele zile, kwangu mimi, zilikuwa afya.

Angalieni pia bima ya watoto, Toto Afya. Wazazi wengi tulikuwa tunamkatia kadi mtoto akishaugua. (Nasema "tulikuwa", sina mtoto, msinitafutie ugomvi na mtu!) Mfuko wa namna hiyo ni kama upatu ambao kila mtu anajiunga siku ya zamu yake ya kupokea. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa. Hapo lawama haiendi kwa serikali peke yake, na sisi tumo.

Na pensheni. Baba mkubwa alianza kazi 1977 na alistaafu 2018. Mpaka Julai 1999 watumishi wa serikali hawakukatwa senti kwa ajili ya pensheni. Ilikuwa ahadi tu ya mwajiri. Ulipokuja mfumo wa kuchangia, miaka ile ya nyuma ikabaki bila fedha iliyowekwa popote, mfuko ukalipa, deni likakua, na mwishoni mwa 2021 serikali ikalazimika kutoa hatifungani maalumu za zaidi ya shilingi trilioni 2 ili kulifunika. Nani atalipa hatifungani hizo zikiiva? Walio kazini wakati huo. Yaani mimi. Wewe unayesoma. Yule wa uhasibu.

Hatuna tatizo la Ulaya, sisi. Wao wazee ni wengi na watoto wachache. Sensa ya 1967 ilitukuta milioni 12.3, ya 2022 ikatukuta milioni 61.7, na karibu nusu yetu tuko chini ya miaka 18. Bili yetu ni ya madarasa na chanjo, na wanaokatwa kodi kwenye mshahara ni wachache mno kuibeba. Hatuwezi kuiga bahasha ya Sweden tukadhani tumemaliza. Lakini kumwonyesha mlipaji anacholipia, hilo halihitaji utajiri.

DENI LANGU

Mwisho nirudi kwa mshikaji wangu. Anachukia mkopo, na ninamwelewa. Mimi mwenyewe, niwaambie siri, nilikuwa na mpango. Mtaani wanatufundisha: ukimaliza usiajiriwe rasmi, fanya mishe zako, badilisha laini, nani atakupata? Sheria ya bodi ya mikopo ni ya mwaka 2004, makato yalipandishwa mwaka 2016 hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi, tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ikaondolewa mwaka 2021. Nilikuwa nimeshapiga hesabu zote za kukwepa.

Halafu nikakutana na habari ya Oktoba 1966. Wanafunzi waliandamana mpaka Ikulu kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa na baadaye kufanya kazi kwa asilimia 40 ya mshahara. Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza karibu 400, na papo hapo akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi walirudishwa baadaye. Sipendi alivyowafukuza. Kwenye semina nimeshalisema hilo na nitalisema tena. Lakini hoja iliyomkera inanikera na mimi: kwamba vijana wale walikuwa wamesomeshwa na watu wasiojua kusoma, kisha wakaona wanaonewa wakiambiwa warudishe.

Babu yangu hakujua kusoma. Alilipa bila kuulizwa na bila kuonyeshwa. Mimi nimeulizwa, nimeonyeshwa, kuna karatasi na sahihi yangu ipo chini. Nikikwepa, mdogo wangu wa kidato cha tatu atakuta sanduku limefungwa na chaki zimeisha.

Kwa hiyo nitalipa. Nitalipa huku nauliza zimeenda wapi, kwa sauti, kila mwaka, maana hiyo ndiyo haki ambayo babu hakuipata. Mshikaji anasema nimelainika kwa sababu ya maharage yake. Inawezekana.

Baba mkubwa kanitumia meseji sasa hivi, saa saba usiku: "Lala. Na kesho ule." Na shilingi elfu kumi, na ya kutolea juu. Kutoka kwenye pensheni ile ile.

Ni hayo tu kwa leo wadau. Jumatatu nina jaribio la saa mbili asubuhi na sijafungua daftari. Mwenye mawazo tofauti karibu chumbani, ila aje na mboga.

Tuko pamoja.